Chai ya jumuiya iliyonuka kitunguu swaumu

Jamani naomba nisimulie mimi kabla mama hajasimulia yeye, maana yeye huwa anaongeza chumvi.

Mwaka jana mwishoni mwa Mei, masika yanakatika, nikaamka na wazo la kupanda kitunguu swaumu kwenye kihamba chetu (shamba la nyumbani la Kichaga) Kibosho, pale jirani na banda la ng'ombe ambapo hamna migomba na jua linapiga vizuri. Nikashuka Moshi mjini, sokoni Mbuyuni, kutafuta mbegu. Mama muuzaji akauliza kitu kimoja tu, "Kaka, ya kula au ya kupanda?" Nikamwambia ya kupanda, akanisogezea ya Mbulu: vidogo, ganda la zambarau zambarau, udongo bado upo, punje zimebanana kama abiria kwenye Noah. Pembeni sasa kuna ya China, nyeupe pee, kichwa kimoja kinajaa kiganja, na mizizi kule chini imenyolewa safi kama kichwa cha mtoto wa shule ya msingi. Nikasema mbegu ndo hii. Akacheka, akasema hiyo imezoea baridi ya kwao, huku itakupa majani tu. Mi nikajua huyu mzigo wa Mbulu umemdodea anatafuta wa kumbebesha. Nikachukua kilo mbili za China, na yeye akanitupia kichwa kimoja cha Mbulu cha nyongeza, "Nenda nacho, utanikumbuka."

Nikapanda kwa sifa zote aisee. Samadi iliyooza, kamba ya kunyoosha mistari, kila punje ncha juu kitako chini, na kati ya punje na punje sentimita 15 kwa rula ya mtoto (alienda shule bila rula wiki nzima, tuyaache hayo). Kile cha nyongeza nikakichomeka tu kule kwenye bomba.

Na vikaota! Majani marefu, yamenyooka, kila jumapili napiga picha natuma kwenye grupu la familia, shangazi wa Dar akaweka oda ya kilo tatu kabisa. Julai na ile baridi yetu ya sweta mbili vikazidi kupendeza. Agosti majani. Septemba majani. Oktoba nikang'oa kimoja kwa siri jioni, chini pamenenepa kidogo tu kama kitunguu cha majani. Baadaye ndo nikaja kuelewa, ile mbegu inataka ipigwe baridi kali halafu ipate mchana mrefu ndo ifunge kichwa, na huku mchana wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima. Ila siku hiyo nilichofanya ni kukirudisha shimoni nikakanyagia udongo, sikumwambia mtu.

Sasa ijumaa moja niko kazini, yule kijana wa kukata majani ya ng'ombe hakutokea. Ng'ombe wetu Shukuru analia bandani, mama kapita bustanini kang'oa kimoja, hamna kitu. Kang'oa cha pili, hamna kitu. "Nikajua umepanda nyasi," ndo alivyonijibu, uso mkavu kabisa. Akang'oa tuta zima akampelekea ng'ombe, na ng'ombe akala mpaka akalamba hori.

Kumbe ng'ombe akila kitunguu swaumu, harufu inaingia kwenye maziwa ndani ya masaa machache tu. Na jumamosi asubuhi jumuiya, yaani majirani wa kanisani tunaosali pamoja, ilikuwa kwetu.

Mke wangu akaniita jikoni, "Baba Glory, hii sufuria mmekaangia nini?" Ameiosha mara mbili, kachemsha upya, harufu iko palepale. Akatia tangawizi. Akaongeza mdalasini na iliki, ndo ikaharibika kabisa, sasa chai inanuka pilau. Na watu 20 na kitu wameshakaa kwenye mabenchi wanasubiri.

Watu wa jumuiya wana adabu lakini. Mama mmoja alipuliza kikombe chake mpaka chai ikapoa na bado anapuliza. Katibu akasema yeye amefunga, andazi la tatu liko mkononi. Mzee mwenyekiti ndo akanywa yote, akajipangusa ndevu, akasema, "Hii chai ina dawa." Mama akadakia, "Ni zile nyasi za mwanangu."

Bwana mifugo nilipompigia hata hakucheka, alisema ng'ombe akila sana jamii ya vitunguu damu inaharibika, tumwangalie asije akakojoa mkojo mwekundu. Kwa hiyo siku tatu mimi na shahada yangu nimekaa bandani namvizia ng'ombe akojoe. Mkojo ulikuwa safi, namshukuru Mungu, shangazi ndo bado sijamjibu.

Jumatano mzee mwenyekiti kaja na kidumu, anataka lita moja ya yale ya kifua, eti tangu jumamosi analala bila kukohoa. Nikamwambia mzee, maziwa yamesharudi kuwa ya kawaida. Akasikitika kweli. Akaanza kuondoka, akafika pale kwenye bomba akaviona vile vya Mbulu, majani yanaanza kukauka, vichwa vimevimba mpaka vinapasua udongo. Akamwangalia Shukuru, akaniangalia na mimi.

"Na hivi mnangoja nini?"