Tiketi ya Kombe la Dunia la kikapu hukatwa Februari, nyota wakiwa kwingine

Septemba 2022 Argentina ilitwaa ubingwa wa AmeriCup, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Amerika, mjini Recife kwa kuifunga Brazil nyumbani kwake. Miezi mitano baadaye, safari hii yenyewe ikiwa nyumbani Mar del Plata, ilipoteza mbele ya Jamhuri ya Dominika na kukosa Kombe la Dunia la 2023. Timu iliyocheza fainali ya kombe hilo mwaka 2019, tena bingwa wa bara lake, ikabaki kutazama kwenye runinga.

Haikuwa ya kwanza. Slovenia walikuwa mabingwa wa Ulaya 2017 na hawakufika Kombe la Dunia la China 2019. Tunisia walichukua AfroBasket, ubingwa wa Afrika, 2021 na hawakuwamo 2023. Mabingwa watatu wa mabara matatu wakiangukia shimo moja, tunapaswa kulitazama shimo lenyewe.

Hadi 2014 njia ilikuwa fupi: ukifanya vizuri kwenye mashindano ya bara, umefuzu. AfroBasket ya 2013 ilitoa timu tatu, yaani Angola, Misri na Senegal. Zilibaki nafasi nne za upendeleo ambazo FIBA, shirikisho la kikapu duniani, iliwapa Brazil, Ugiriki, Uturuki na Finland, hivyo waliofungwa uwanjani wakaingia kwa mlango wa ofisini. Novemba 2017 mfumo huo ulizikwa. Kombe likapanuliwa kutoka timu 24 hadi 32, upendeleo ukafutwa, na kufuzu kukawa safari ya takriban miezi 15 inayochezwa kwa vipindi vifupi viitwavyo madirisha: Novemba, Februari, katikati ya mwaka, mwishoni mwa Agosti, Novemba tena, kisha Februari ya kufungia hesabu.

Mgawo ni Afrika 5, Amerika 7, Ulaya 12, Asia na Oceania 8, wenyeji wakihesabiwa humo kombe linapokuwa Asia. Wenyeji kwa kawaida hawana wasiwasi, ingawa Indonesia, mwenyeji mwenza wa 2023, iliwekewa sharti la kumaliza ndani ya nane bora za Kombe la Asia. Ikashindwa, ikaandaa mechi za wageni.

Kuna mahali wengi hujikwaa katika kusoma jedwali. Ushindi una pointi 2, kufungwa pointi 1, na kutotokea uwanjani ni sifuri. Makundi ya kwanza yana timu nne, kila timu inacheza mara sita, tatu za juu zinasonga na kuunganishwa na tatu za kundi jingine. Matokeo yote yanahamia raundi ya pili, na huko unacheza na wale watatu wapya tu. Sasa piga hesabu. Timu iliyoshinda zote sita inaingia na pointi 12. Ya kundi hilohilo iliyoshinda mbili na kupoteza nne inaingia na 8. Ya pili ikishinda michezo yake yote sita inafika 20. Ya kwanza ikishinda miwili tu kati ya sita, nayo ina 20. Zikilingana hizo mbili peke yake, kinachotazamwa kwanza ni zilipokutana, na huko yule wa pili alipigwa nje ndani. Kwa maneno mengine, mchezo uliopoteza kizembe Novemba ya kwanza utakudai hadi Februari ya mwisho.

Ndiyo maana utaona timu inayoongoza kwa pointi 9 zikiwa zimebaki sekunde 15 ikiomba taimauti, yaani mapumziko mafupi. Mashabiki hupiga miluzi, wakidhani ni dharau. Si dharau. Kama duru ya kwanza ilipoteza kwa 8, basi ikishinda kwa 9 inampita mpinzani kwa tofauti ya pointi moja katika jumla ya michezo miwili. (Ujanja wa kujifunga makusudi ili kwenda muda wa nyongeza na kutafuta tofauti kubwa zaidi haupo: kanuni inasema kikapu hicho hakihesabiwi.)

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito. Kwanza, timu ya taifa inacheza nyumbani. Zamani nchi isiyoandaa mashindano ingeweza kukaa miaka bila watu wake kuiona ikicheza mchezo wenye uzito. Pili, michezo 12 inapima benchi zima. Nyota mmoja mwenye wiki mbili za moto hawezi kulibeba taifa. Sudan Kusini, na pia Cape Verde yenye watu wasiofika milioni moja, walikata tiketi zao za kwanza 2023 kwa njia hii. Tena Cape Verde waliingia kama mshindi wa tatu bora, nafasi ambayo zamani isingekuwapo.

Hoja ya upande wa pili ni kalenda. NBA haisimami Novemba wala Februari kwa ajili ya timu za taifa, na EuroLeague, ligi kuu ya vilabu vya Ulaya, imevutana na FIBA kuhusu tarehe hizo tangu mwanzo. Kocha anabaki na wachezaji wa ligi za ndani na wa vilabu vya daraja la kati, wanaofika wakiwa na siku tatu au nne za mazoezi. Kwa muda huo hufundishi mfumo. Unachagua mipango michache ya ushambuliaji, mpira wa kuingiza kutoka pembeni, ulinzi wa kanda wa dharura, basi. Mpira unakuwa mzito, na anayefaidika ni mwenye kikosi kilichozoeana. Marekani walivuka kuelekea 2019 kwa wachezaji wa G League, ligi ndogo ya NBA, chini ya kocha Jeff Van Gundy, kisha China wakaenda wa NBA. Hata Jamhuri ya Dominika iliyoiangusha Argentina haikuwa na nyota wake wa NBA, Karl-Anthony Towns, siku ile. Alionekana Manila mwezi Agosti, kombe lenyewe lilipochezwa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huku anayechumia juani ni mmoja na anayelia kivulini ni mwingine.

Hoja kwamba dirisha ni gumu kwa wote sawasawa naikubali nusu. Linamwumiza kila mtu, ila si kwa kiasi kimoja. Nchi yenye wachezaji 60 wa kiwango kinachokaribiana itajaza nafasi 12. Nchi yenye wanane, watano wakiwa NBA na EuroLeague, itajaza kwa kubahatisha. Na njia ya mkato ni nyembamba, kwani FIBA inaruhusu mchezaji mmoja tu kikosini aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16.

Afrika ina tatizo lake. Mabara mengine yanacheza michezo miwili kila dirisha, kwa mtindo wa nyumbani na ugenini. Kwetu timu za kundi hukusanywa mji mmoja na kucheza michezo mitatu kwa siku tatu, kama Februari 2023, kundi moja likiwa Luanda na jingine Alexandria. Sababu ni nauli, na inaeleweka: safari moja badala ya mbili au tatu. Lakini faida kubwa ya madirisha, watu kuona timu yao, inabaki kwa mwenyeji. Siku ya tatu miguu imekwisha, na ndege iliyochelewa ikikuleta usiku wa kuamkia mchezo wa kwanza, huna siku ya kurekebisha. Kukosa kabisa ni ghali zaidi: Korea Kusini haikwenda kwenye michezo ya kufuzu mjini Manila Februari 2022 kwa sababu ya maambukizi ya UVIKO-19 kikosini, ikaondolewa kwenye mchujo mzima.

Mimi nisingerudi kwenye mfumo wa zamani. Ningehamisha dirisha la mwisho. Kalenda tayari ina mawili ya kiangazi ambayo nyota wanapatikana, Julai na Agosti, lakini yako katikati ya safari. Safari ikianza mapema zaidi, michezo ya kuamua inaangukia hapo, mwaka mmoja kabla ya kombe, na droo inakuwa na nafasi ya kutosha. Vilabu havitapoteza siku hata moja ya ziada. Watakaolalamika ni wenye haki za matangazo, maana Februari ya kufa na kupona huuzika vizuri kuliko Agosti.