Kuhusu yule jogoo wa Kinyerezi

Kabla hujanitumia picha nyingine ya jogoo, kaa nikusimulie mwenyewe. Najua habari ya yaliyonikuta jana Kinyerezi, mimi fundi wa mitandao, imeshakufikia. Jamaa wa meza ya pili, fundi simu mwenzangu, kaisambaza tangu jana usiku, na kila anayeipokea anatia chumvi yake. Leo asubuhi muuza chapati wa hapa Tabata Bima, mama wa watu asiyejua rauta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, ni mnyama gani, kanikabidhi chapati zangu mbili huku anawika. Ananiwikia mimi, na foleni nzima inasikia.

Nianze kwa kukanusha. Mzee hakunipiga fimbo, aliishika tu. Sikuruka ukuta. Na sikulia, lile lilikuwa vumbi la nyuma ya kabati. Mengine yote aliyowaambia ni kweli, na yapo ambayo hata yeye hayajui, sijui kwa nini nawapa bure.

Mnakumbuka Jumatatu niliandika humu kwamba nimeibiwa? Kale karauta kangu keupe, kadogo kama sahani ya kikombe, ka kupimia mitandao ya watu. Asubuhi nafungua begi, hakamo. Nikamgeukia jamaa wa meza ya pili mbele ya wateja. Nikavuta droo yake, nikamwaga bisibisi zake zote mezani. Nikatangaza kwamba siku tatu zikipita hakajarudi naenda kusomesha Halbadiri, na aliyekachukua atavimba tumbo mpaka ajitaje mwenyewe. Yeye alikuwa anabandua kioo cha simu, hata kichwa hakuinua. Akasema taratibu, "Tafuta vizuri, ndugu yangu." Nikajisemea moyoni: mwizi siku zote ana sauti ya upole.

Hiyo Halbadiri muiweke pembeni kidogo, tutaihitaji.

Sasa Kinyerezi. Nyumba ya mzee mstaafu, mama mwenye nyumba, mjukuu wa kidato cha tatu, dada wa kazi, na mpangaji wa chumba cha uani ambaye mzee hampendi kwa sababu zake. Jumamosi ya wiki iliyopita nilikwenda kuwavutia waya, kutoka kwenye rauta iliyoko chumbani hadi kwenye TV ya sebuleni. Kazi safi, waya umelala ukutani kama umechorwa. Kilichonikwaza ni nusu mita. Waya uliniishia nusu mita kabla ya TV. Nikaunga kwa muda, TV ikashika, wote wakafurahi. Mara simu ikawika (mlio wangu ni jogoo, niliuweka ili nisikie simu nikiwa kwenye kelele za Kariakoo), kumbe ni mteja wa steshenari, printa imemeza mitihani ya shule ya watu. Nikaondoka mbio, nikasema kesho naja na waya mrefu.

Kesho hiyo mpaka jana ilikuwa haijafika. Mnaojua, nyamazeni, wenzenu bado wanasoma.

Jumatatu mama akapiga. "Fundi mwanangu, mtandao umekuwa kama umeme." Simu ya mzee inashika, ya kwake inaandika imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Akiizima na kuiwasha yake inakubali, ya mjukuu inagoma. TV jioni inacheza, asubuhi haitaki. Nikapanda boda, elfu tatu, nikaenda kuwapa somo la chaneli za Wi-Fi, 1, 6 na 11. Nikawaambia majirani wamejazana kwenye 6, nikawahamishia 11, nikachukua elfu ishirini yangu. Usiku ule ule tatizo likarudi. Jumatano nikasema ni virusi, nikapiga Windows upya kwenye laptopu ya mtoto. Elfu ishirini nyingine. Alhamisi wakaja mafundi wa kampuni ya intaneti, wakapima mwanga wa faiba, wakasema laini yao ni safi. Na kweli, kile kisanduku chao taa ya PON (laini ipo) ilikuwa kijani imetulia na ile ya LOS (laini imekatika) imezimika, mtoto mdogo angeona. Nikamwambia mama, "Hao ndivyo wanavyosema siku zote." Ijumaa nikaja na hukumu ya mwisho: rauta imechoka. Wakanunua mpya, elfu tisini. Nikaifunga, na waya zote nikazirudisha kama nilivyozikuta, moja baada ya nyingine, kwa umakini mkubwa.

Jana asubuhi mama akapiga. Safari hii hakusema "mwanangu".

Nikafika, nikafungua laptopu, nikaandika ile amri ya ipconfig, ya kuonyesha anwani za mtandao, ambayo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeanza nayo tangu Jumatatu. Nikaona lango, yaani anwani ya rauta, limeandikwa 192.168.0.1. Nikatulia. Rauta ya nyumba ile anwani yake ni 192.168.1.1. Hii sifuri imetoka wapi?

Kwa wasio mafundi: kifaa kikiingia kwenye mtandao kinaomba namba, na rauta ndiyo inayogawa. Zikiwepo rauta mbili zinazogawa, mambo yanakuwa kama stendi. Wapiga debe wawili wanakukimbilia, atakayewahi begi lako ndiye unayepanda gari lake. Gari la mmoja linafika mjini. La mwingine halina injini, unakaa humo ndani umepata siti nzuri, hamwendi popote. Ndiyo maana leo simu hii inashika na kesho ile. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mpiga debe wa pili.

Ndugu zangu, nilifurahi. Siku tano za aibu zilikuwa zinafutika. Nikasimama katikati ya sebule nikasema, "Mzee, humu ndani kuna kifaa kisicho chenu."

Mzee akazima TV. Akamwambia dada wa kazi afunge geti na mtu asitoke. Mpangaji akaitwa kutoka uani, akaja na mswaki mdomoni, akaambiwa asimame pale karibu na friji. Mimi huku nimenoga. Nikajaribu kuingia kwenye kile kifaa, kikaniomba paswedi, nikaweka admin na admin, kikakataa. "Amebadilisha paswedi," nikawaambia, "huyu si mtu wa kawaida." Nikaandika amri ya arp -a, nikapata namba ya kiwandani ya kifaa, maana tarakimu zake sita za mwanzo zinakwambia kimetengenezwa na nani. Kampuni ile ile ninayoipenda mimi. Nikasema kwa sauti, na hili nitalijutia mpaka naingia kaburini, "Jamaa ana jicho."

Mama akauliza mtu kama huyo anafanywa nini. Nikamjibu, "Mama, sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao, ya mwaka 2015." Mpangaji akameza dawa ya meno.

"Sasa atakuwa nani?" mzee akauliza, fimbo imeshahamia mkono wa kulia.

Nikafikiri kidogo, kama daktari. "Mzee, aliyefanya hivi ama ni mtu hatari sana, ama hana akili kabisa. Katikati hakuna."

Nikaanza msako. Nikaacha ping, yaani kubisha hodi na kusubiri jibu, ikienda kwenye ile anwani ya mvamizi, majibu yanashuka kwenye skrini, nikawa nachomoa waya za kwenye rauta mmoja mmoja. Wa pili, bado anajibu. Wa tatu, kimya. Nikauchomeka tena, akajibu. Nikauchomoa, kimya. Nikaufuata waya namba tatu kwa kidole. Umetoka chumbani, umepita juu ya mlango, umelala ukutani kama umechorwa.

Hapa mtu mwenye akili angesimama. Angekumbuka ukuta ule aligongea nani misumari. Mimi nilipandwa na hasira. Nikasema, "Kachomeka kwenye waya WANGU!"

Waya ukaingia nyuma ya kabati la TV. Kabati lile la mninga lina glasi za mama, picha ya harusi, na vitambaa vya kufuma ambavyo nadhani vina umri wangu. Tukalivuta watu watatu, mimi, mzee na mpangaji mshukiwa. Glasi zikalia. Mjukuu akashika tochi. Vumbi, rimoti iliyopotea, kofia ya baraghashia, shilingi mia mbili. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono. Nikapapasa waya wa umeme, nikapapasa kingo ya ukuta, kisha vidole vikagusa kitu laini, cha mviringo kwenye kona.

"Kana joto," nikawaambia nikiwa bado chini. "Kanafanya kazi."

Neno "kana" lilitoka lenyewe. Mwili ulikuwa umeshakatambua, kichwa kimechelewa.

Nikachomoa, nikasimama, nikakanyanyua juu kwa mikono miwili kama nahodha na kombe. Mbele yangu nikawa naona taa zake zimezimika. Wao upande wa pili wakawa wanaona tumboni. Na tumboni kulikuwa na stika. Kila kitu changu kina stika, kwa sababu ya wezi. Nimeandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, nikafunika na selotepu isifutike.

Mjukuu akasogeza tochi. Akaanza kusoma, polepole, kama ameitwa mbele ya darasa.

"Mali... ya... Fundi Uhakika. Ukiokota... tafadhali... piga..."

Akasoma namba. Tarakimu kumi. Nilijua ya nne kabla hajaisema.

Hakuna aliyeongea. Mzee akavaa miwani. Akatoa simu yake ya kitochi mfukoni. Akamwambia mtoto, "Rudia." Akawa anabonyeza, tarakimu moja, mlio mmoja. Sifuri, ti. Saba, ti. Mimi mikono bado iko juu, sijui niishushe vipi. Nimekula mkate wa mtandao miaka tisa, siku zote naomba usikatike. Jana, kwa mara ya kwanza, niliomba ukatike. Tafadhali, mnara wowote, lala. Mzee akaweka simu sikioni. Ikapita sekunde moja. Ikapita ya pili. Nikaanza kuamini.

Kokorikoooo.

Kwenye suruali yangu. Na nilikuwa nimeiweka sauti ya juu kabisa pamoja na mtetemo, kwa hiyo jogoo aliwika huku anarukaruka pajani.

Mara ya pili akawika. Dada wa kazi akakimbilia jikoni, nikasikia sufuria imeanguka. Mpangaji akageukia friji, mabega yanatikisika. Mama akajifunika uso kwa kanga. Mzee tu ndiye hakucheka. Alinitazama juu ya miwani, simu iko sikioni, akasema, "Pokea."

Na mimi nikapokea. Sijui kwa nini. Nikaweka sikioni nikasema, "Haloo."

"Fundi," akasema mzee, yuko hatua mbili mbele yangu, namsikia kwa masikio yote mawili, "tumempata yule asiye na akili."

"Naam, mzee."

"Njoo umchukue."

Mengine hayana urefu. Ile nusu mita ya Jumamosi niliiunga kwa haka haka karauta, nikakasahau. Nikarudisha hela yote ya ufundi. Rauta ya zamani ikarudi kazini, mpya nikaenda kuwarudishia dukani kwa kupiga magoti. Mpangaji nikamwomba radhi, akasema hana neno ila nimtengenezee laptopu yake, bure. Mama akalazimisha nile, wali na maharage, nikala nikiangalia sahani. Waya mrefu nimeupeleka. Mtandao unakimbia, asanteni kwa kuuliza.

Wewe uliyeandika "fundi ungemaliza pale pale usimwambie mtu", sikia. Ningewezaje? Kuna mtu nilimmwagia bisibisi mezani. Jana jioni nikanunua chipsi mayai mbili na soda, nikamfuata jamaa wa meza ya pili, nikamwekea karauta mbele yake, nikamsimulia kila kitu, nikamwapisha abaki nayo moyoni. Akaapa na chipsi mdomoni. Akala zake, akala na zangu. Kisha akainamia chini ya meza, akanifunua shati, akaliangalia tumbo langu kwa makini, akaniuliza kama naona dalili zozote za kuvimba.

Isha ilikuwa haijaadhiniwa, grupu la mafundi linawika.

Mlio sijaubadilisha bado, nimejaribu, menyu ya simu hii imejificha wapi sijui, na wa kumuuliza ni yeye tu. Hata sasa ninapoandika jogoo anawika mezani. Jina lake ndilo lililotokea kwenye kioo. Tumekaa meza kwa meza, anabandua kioo cha mtu kwa mkono mmoja, kichwa hakuinua.

Sipokei.