Mchuzi wa kuku wa Kinaijeria: kausha maji kwanza, mafuta baadaye

Mchuzi mwekundu wa Kinaijeria ukipikwa majumbani kwetu, mara nyingi hubaki na uchachu wa nyanya mbichi. Lawama hupewa nyanya, kumbe kosa ni haraka. Tumezoea kukaanga kitunguu, kutia nyanya, na baada ya dakika kumi mchuzi uko tayari. Obe ata, kama Wayoruba wanavyouita, haupikwi hivyo.

Kuku wa kilo moja na nusu anataka nyanya mbivu 5, pilipili hoho nyekundu kubwa 3, vitunguu maji 2 na pilipili mbuzi 1 au 2. Wenyewe hutumia tatashe, hoho nyekundu iliyochongoka, na ata rodo, ndugu wa karibu wa pilipili mbuzi. Hoho usizibanie, maana ndizo zinazoleta rangi na utamu wa kupoza nyanya. Ya kijani usiitie kabisa: mchuzi utageuka kahawia na kuwa na uchungu.

Saga vyote pamoja, umimine kwenye sufuria nzito bila tone la mafuta. Chemsha mfuniko ukiwa umeegeshwa tu, kwa sababu rojo hili linaruka na linaunguza, hadi libaki zito kama uji wa mtoto. Ni nusu saa au zaidi. Wapo wanaolichuja ili kuokoa muda. Si vibaya, ila maji yake yachemshie kuku. Ukitanguliza mafuta, rojo litatokota tu bila kukaangika, na uchachu utabaki palepale. Sukari huuficha, haiuondoi.

Kuku mchemshe kwa maji kidogo, kitunguu, chumvi, kidonge cha Maggi, kijiko cha chai cha thaimu, na bizari ya mchuzi kidogo. Hapo kwenye bizari, mkono uwe mwepesi. Ya Kinaijeria ni laini. Ya pwani yetu ina nguvu, na ikizidi nusu kijiko cha chai utakuwa umepika mchuzi wa Mombasa. Kuku wa kisasa dakika 20 zinamtosha. Wa kienyeji au wa mayai aliyezeeka, ambaye mimi namwona bora kwa sababu hamumunyuki, mpe saa nzima au zaidi. Mtoe, mkaange hadi awe wa kahawia, na supu yake uitunze.

Sasa mafuta: robo tatu ya kikombe. Ndiyo, ni mengi, na ukiyapunguza sana rojo litashika chini. Kaanga kitunguu kilichokatwakatwa, tia vijiko vikubwa 2 vya nyanya ya kopo, kaanga dakika 3, kisha rojo. Moto wa wastani, koroga kila baada ya muda, dakika 20. Saa usiiamini sana, angalia mafuta. Yakianza kujitenga na kuelea juu, mekundu, nyanya imeiva. Likiungua chini usikwangue, hamishia sufuria nyingine.

Ongeza kikombe kimoja cha supu, onja kabla ya kutia chumvi (supu tayari inayo), rudisha kuku, acha dakika 10. Pakua na wali mweupe na ndizi mbivu za kukaanga. Mafuta yakikuzidi, yaengue kwa kijiko uyaweke: kesho asubuhi yakaangie mayai.