Perovskaiti kwenye eksirei, mbona tunabishania risasi tu?

Kila zikitajwa nanokristali za perovskaiti za kupimia eksirei (vikristali vidogo mno vinavyotoa mwanga vikipigwa na eksirei), mtu wa kwanza atasema zina risasi, yaani ile metali ya lead, ni sumu, na mjadala unaishia hapo. Mi naona tumeanzia pabaya.

Sifa zake ni za kweli. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walionesha vikristali vya aina hii vinahisi eksirei hadi nanogrei 13 kwa sekunde (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), karibu mara 400 chini ya dozi ya kawaida ya picha za hospitali. Halafu zinapikwa kwenye kimiminika, nyuzi 140 mpaka 200 hivi, sekunde chache zimeiva, unapaka kama wino.

Shida inaanza ukitaka paneli ya kweli ya kupigia picha. Eksirei zina nguvu, tabaka likiwa jembamba zinapita tu, ukilinenepesha ule mwanga wa kijani unaotoka kwa kikristali kimoja unamezwa na jirani yake kabla haujafika kwenye kamera, so unaongeza mali na picha haing'ai zaidi. Ukizichanganya na plastiki ili unyevu usiziharibu, hapo tena umepunguza siziamu na risasi, ambazo ndo zinazozuia eksirei zenyewe. Kuzifungia ndani ya kioo naona kuna akili zaidi, na risasi nayo haivuji ovyo.

Maana hoja ya risasi sio ya kupuuzwa, ile ya kwenye mlango wa chumba cha eksirei ni bati la risasi tupu limekaa kimya, hii ya perovskaiti inayeyuka kwenye maji.

Kuna wanaotumia shaba na iodini badala ya risasi. Zinatoa mwanga wa bluu ambao zenyewe haziumezi, ila mwanga huo unazimika taratibu, kama maikrosekunde 1, wakati za risasi ni makumi ya nanosekunde. Watu wanaona hiyo ni hasara kubwa, lakini jamani, picha ya kifua inachukua milisekunde kadhaa, yaani maelfu ya maikrosekunde, haraka yote hiyo ya nini? Kasi ina maana kwenye PET (aina ya skani ya hospitali) au kuhesabu fotoni, yaani chembe za mionzi, mojamoja, huko risasi ibaki. Za kifua na mifupa wapeni shaba, kisha mtuoneshe paneli iliyokaa miezi 6 kwenye chumba chenye unyevunyevu bila AC, na picha zake za mwanzo na za mwisho ziwekwe pamoja.