Behewa la baridi: lipimwe maabara au kwenye reli?

Likizuka wazo la kusafirisha samaki wa Tanga kwa treni hadi Moshi na Arusha, wengi huulizia kwanza nguvu ya mashine ya kupoza. Kuta za behewa hukumbukwa baadaye, hela ikishaliwa.

Kipimo cha kuta kinachotambulika kimo kwenye mkataba wa ATP wa Geneva, wa mwaka 1970, unaohusu usafirishaji wa vyakula vinavyoharibika. Behewa tupu huingizwa kwenye chumba maalumu cha maabara, hita na feni zikawashwa ndani hadi lifike kama nyuzi 32.5 huku nje zikibaki 7.5. Hali ikitulia kwa saa zisizopungua 12, umeme unaoliwa ndani ndio joto linalopita kutani. Gawanya wati hizo kwa eneo la kuta na kwa tofauti ya nyuzi, unapata K, yaani kiasi cha joto ambacho kuta hupitisha: ikiwa ndogo, kuta ni nzuri. Behewa la kuta nene halitakiwi kuzidi 0.40, la kawaida, 0.70.

Tofauti ndogo hiyo? Chukua behewa lenye kuta za mita 100 za mraba, nje nyuzi 32 kama mchana wa Februari Tanga, ndani 2. Kwa K ya 0.40 zinapenya wati 1,200, kwa 0.70, wati 2,100. Ziada hiyo ya wati 900 huyeyusha takriban kilo 230 za barafu kwa siku. Mchuuzi wa soko la Deep Sea hahitaji kufafanuliwa hasara hiyo.

Wanaotetea maabara wana hoja nzito: namba yake inalinganishika, na mnunuzi anaweza kumbana nayo mtengenezaji. Tena povu la poliurethani, lile linalojazwa ndani ya kuta kuzuia joto, huzeeka. Gesi yake hutoka taratibu na K hupanda. Usipokuwa na namba ya siku ya kwanza, utajuaje limechoka kiasi gani?

Lakini chumba kile hakina jua la utosini. Upepo wake ni mita 1 hadi 2 kwa sekunde, ilhali treni ya kilomita 50 kwa saa inakata hewa karibu mita 14 kwa sekunde, na mpira wa mlango uliochanika huumbuka hapo. Ndiyo maana wengine wanasema lipimwe stesheni, kwenye njia ya pembeni: hita, mita ya umeme, feni, vipimajoto juu, chini na mlangoni, usiku kucha. Ni rahisi, ila kuta zilizoshiba jua la mchana huchelewa kupoa na kuchafua hesabu, kwa hiyo usiku mmoja hautoshi. Na wale wanaojaza samaki na barafu kisha wakasoma joto la hewa, samahani, wanapima barafu.

Kwa mabehewa ya zamani ningeanza na njia ya pembeni, kuchuja mabovu tu. Kwa mapya ningedai cheti cha maabara kabla ya malipo, halafu nipime tena yakifika. Namba zikipishana, mpira wa mlango ukaguliwe kwanza kabla mtu hajaanza kubomoa kuta.