Neti za Bacton: tulibishania kidogo tukaacha kikubwa

Aprili 2019 kule Norfolk, mashariki ya Uingereza, halmashauri ya North Norfolk ilifunika neti ukingo wa mchanga wa pwani pale Bacton ili mbayuwayu wa aina inayotoboa kingo za mchanga (Kiingereza sand martin) wasichimbe viota, na watu wakawaka kweli kweli. Video zikasambaa za vindege vilivyotoka safari ya Afrika vinarukaruka mbele ya neti vikitafuta pa kuingilia, RSPB, ambalo ndo shirika kubwa la ndege kule, likapinga hadharani, baada ya siku chache halmashauri ikakubali kutoa neti za juu na kubakiza za chini. Wengi wakahesabu ushindi. Mi naona ni ushindi mdogo sana, ila tusikilize kwanza pande zote maana halmashauri nayo haikuwa na wendawazimu.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Juu ya ule ukingo kuna kituo cha gesi ambacho kinaweza kupitisha mpaka kama theluthi ya gesi ya Uingereza, na bahari ilikuwa inaula ukingo kila mwaka inakaribia uzio. Pembeni yake kuna vijiji vya Bacton na Walcott, na Walcott ililowa vibaya kwenye ile dhoruba ya Desemba 2013, maji yaliingia mpaka majumbani. Wakaamua kuiga Waholanzi, ambao 2011 walimwaga mlima wa mchanga pwani yao waache mawimbi yenyewe yausambaze. Bacton ilikuwa mchanga mita za ujazo milioni 1.8, gharama kama pauni milioni 20, na kazi lazima ifanyike kiangazi sababu msimu wa baridi baharini hakufanyiki kitu. Sasa kiangazi ndo msimu wa mbayuwayu kulea, na mchanga ule ungefunika sehemu ya chini ya ukingo, yani ndege akishataga pale anazikwa mzima na vifaranga vyake. Alafu sheria yao ya wanyamapori ya 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika au kinachojengwa, ila haikatazi kumzuia ndege kabla hajaanza. Kwa hesabu hiyo neti ilikuwa njia ya kumuokoa, na ukiitazama bila hasira ina mantiki.

Waliopinga nao hawakusema mradi usimame, hilo watu wengi hawakulisikia kwenye kelele. Walichosema ni kwamba mmefunika eneo kubwa kuliko mchanga utakapofika. Kule juu mchanga haufiki, sasa neti ya nini? Hapo halmashauri haikuwa na jibu zuri na ndo maana ilirudi nyuma haraka. Mpaka hapo kila mtu alipata alichostahili.

Ila mwangalie huyu ndege anavyoishi ndo utaona kwa nini nasema tulibishania kidogo. Ni kadogo, gramu 14 hivi, kahawia mgongoni, mweupe tumboni na mkanda wa kahawia kifuani. Anafika Uingereza Machi, miongoni mwa wahamaji wa kwanza kabisa. Dume na jike wanachimba wote, kwa miguu na mdomo, mtaro mwembamba unaoingia ndani nusu mita mpaka karibu mita nzima, wanaupandisha kidogo kwenda ndani ili maji ya mvua yasiingie, mwishoni wanatengeneza chumba wanatandika majani na manyoya. Mayai manne au matano, wiki mbili kuatamia, wiki tatu hivi vifaranga vinatoka, na wengi wanarudia mara ya pili msimu huohuo. Wanakaa wengi pamoja, mashimo kwa mashimo.

Na sharti lao ni ukingo uliosimama wima na uliokatika karibuni. Ukingo ukitulia unaporomoka taratibu unakuwa mteremko, majani yanaota, panya na wanyama wawindaji wanaofanana na nguchiro wanapanda kirahisi mpaka mlangoni, na mashimo ya zamani yanajaa viroboto na kupe wanaosubiri msimu mpya. Kwa hiyo kile ambacho mwenye nyumba anakiita balaa, bahari kumega ardhi kila mwaka, kwa mbayuwayu ndo ujenzi wa nyumba mpya. Neti zilikaa muda mfupi. Mchanga wa pauni milioni 20 umewekwa ili ukingo usimegeke kwa miaka, na ukingo usipomegeka mwishowe haufai tena kwa kiota, neti iwepo isiwepo. Hili halikupigiwa kelele hata robo ya neti, nadhani sababu halina picha.

Marekani wameshalipitia, na hapo ndege ni huyuhuyu. Mto Sacramento kule California ndio unabeba sehemu kubwa ya mbayuwayu hawa wa jimbo lile, wakawa wanapanga mawe kwenye kingo mto usile mashamba na tuta za mafuriko, kila kipande kilichowekwa mawe kikawa kimekufa kwa ndege. Mwaka 1989 jimbo likamtangaza yuko hatarini. Kanada 2013 wataalam wakamuweka kwenye kundi hilohilo baada ya kuona wamepungua kwa asilimia 98 tangu 1970, ingawa kule kingo si sababu pekee.

Kuna wanaosema jibu ni rahisi, jenga kuta za zege weka mabomba yenye mchanga ndege achimbe kiota humo. Zipo nyingi kwenye hifadhi za Uingereza na nyingine zinajaa ndege, sizidharau. Faida kubwa ni kwamba msimu wa baridi unaweza kusafisha viroboto na kujaza mchanga mpya, kazi ambayo zamani ilifanywa na mto bure. Shida ni hapohapo pia, mtu lazima aje kila mwaka, na bajeti ikikatwa ukuta unageuka pambo. Nyingine zimekaa tupu miaka kadhaa ndege wakipita tu. Machimbo ya mchanga na kokoto yamesaidia zaidi sababu mashine zinakata ukuta mpya kila wakati, mwenye machimbo mwelewa anawaachia upande mmoja msimu mzima na upande anaotaka kufanyia kazi anaulaza mapema wasivutiwe nao. Hii naipenda kuliko zege.

Kwa haki niseme pia, kingo za Uingereza sio zinazoamua kila kitu. Ukame wa Sahel, ukanda wa kusini ya Sahara ambako wanakaa wakati Ulaya ni baridi, mwishoni mwa miaka ya 1960 ulifyeka hawa ndege, waliorudi kutaga walikuwa wachache ajabu, na miaka ya 1980 ikajirudia. Mvua ikinyesha vizuri Sahel wanaongezeka tena. Ila wakiongezeka wanahitaji pa kuchimba, ukuta usipokuwepo mvua haiwasaidii.

Sasa kabla hujasema "basi waache bahari ile", nenda kijiji cha Happisburgh, mwendo mfupi tu kusini ya Walcott. Pale kinga za mbao za zamani zilichakaa, serikali ikaona gharama ya kujenga upya haifai. Ukingo unakatika, mbayuwayu wanachimba, na bahari ilifunua hata nyayo za watu wa kale zaidi ya miaka 800,000, zilionekana 2013 zikafutwa ndani ya wiki mbili hivi. Mpenda ndege na mpenda historia wote wamefurahi. Mwenye nyumba mtaa wa Beach Road je? Nyumba zilibaki bila thamani sokoni, mpaka ilipokuja hela ya mradi wa majaribio wa serikali, halmashauri ikanunua kadhaa ikazibomoa.

Mi niko upande wa kuacha baadhi ya kingo zimegeke, wazi kabisa, lakini kwa sharti la Beach Road: hela ya kuhamisha watu itoke kwanza, kabla ukuta wa bahari haujaachwa, sio miaka baada ya mtu kushindwa kuuza nyumba. Na pale ambapo haiwezekani, kama Bacton yenye gesi, bajeti ya mchanga ingebeba na kipande cha ukingo mahali pengine kwenye pwani hiyohiyo, kiandikwe kwenye kibali kwamba hakitawekewa mawe. Wale waliokesha wakipinga neti walikuwa na nguvu ya kudai hilo, halmashauri ilikuwa imeshalegea, wakaridhika na neti za juu kutolewa.