Mnazi wa Shairini: Fumbo au Mti?

Mpe mwanafunzi wa sekondari hapa Tanga shairi lenye mnazi, umuulize linahusu nini. Atakujibu papo hapo: nchi. Au utawala, au urithi. Mnazi wenyewe, ambao huenda unaonekana dirishani mwa darasa lake, ataupita kama hakuuona.

Wanaosoma hivi wana hoja nzito. Ushairi wa pwani umefichia mambo makubwa ndani ya miti na wanyama tangu zama za Muyaka wa Mombasa, aliyezisema siasa za mji wake kwa mafumbo. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa maandishi ya kuipinga serikali, alitunga gerezani shairi la watu wawili wanaovutana juu ya mnazi. Likatoka katika Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Kulisoma kama ugomvi wa shambani tu ni kumkosea mtunzi aliyekuwa kifungoni kwa sababu ya kusema waziwazi.

Lakini kwa nini mnazi, si mwembe? Mnazi hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo. Aliyeupanda na anayeula mara nyingi si mmoja. Anayeukwea huukwea peke yake, mwenziwe akabaki chini kungoja cha kuangushiwa. Tena hauna kisichofaa, kuanzia dafu hadi makuti na kumbi, kwa hiyo hakuna anayekubali kuuachia. Siasa yote ya shairi imo katika umbile la mti. Anayekimbilia jibu la "nchi" atapata alama yake ya mtihani (mfumo wetu wa kusahihisha unampenda sana), ila ugomvi wenyewe hajaugusa.

Wanaotaka mti uachwe uwe mti nao wana ushahidi. Katika Al-Inkishafi, utenzi unaouonya moyo kwa kuuonyesha anguko la Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, makinda ya popo yananing'inia kwenye majumba yaliyokuwa yakimeremeta, na ndege wamelala katika madaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo. Popo wale hawasimami badala ya kitu kingine. Ni popo, na nyumba haina watu. Aliyefika kwenye magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wetu, akaona matundu kwenye nguzo za makaburi palipokuwa pamepachikwa mabakuli ya kauri, hahitaji kufumbuliwa. Ukimgeuza popo kuwa "ishara ya ufisadi", utisho wote umeuondoa.

Mimi naegemea huku: mtunzi asiyeujua mti wake hana fumbo, ana jina la mti tu. Kinachonitatiza ni taarabu. Kunguru wa wimbo hakuelezwa hata unyoya mmoja, lakini mama akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji pesa huku kamkazia macho jirani yake, ukumbi mzima umeshajua kunguru ni nani. Mtunzi pengine hata hamjui huyo jirani. Hapo siwezi kudai kwamba maana imebebwa na ndege. Imebebwa na waliohudhuria, kwa usiku huo. Wimbo huohuo ukichapwa kitabuni utahitaji maelezo pembeni kueleza nani alimlenga nani, na bado msomaji hatacheka.